Ndondi na mapigano mseto: Ni nani mwenye jasho la mpiganaji?

USIKU wa Septemba 13, 2025, mashabiki 70,482 walifurika katika uwanja wa Allegiant jijini Las Vegas, Marekani, kumshuhudia Terence Crawford akimpokonya Saul 'Canelo' Alvarez wa Mexico mikanda yote ya uzani wa kilo 76. Wengine zaidi ya milioni 40, kwa hesabu ya kampuni ya Netflix iliyopeperusha pambano hilo, walitazama wakiwa majumbani mwao bila kulipa chochote zaidi ya ada yao ya kawaida ya kila mwezi.

Hata hivyo, kwa wanaofuatilia biashara ya ndondi, jambo kubwa usiku huo halikuwa ushindi wa Crawford. Jambo kubwa lilikuwa mwandalizi. Aliyesimamia pambano hilo alikuwa Dana White, mtu ambaye kwa karibu robo karne amekuwa sura ya kampuni ya Ultimate Fighting Championship, kwa ufupi UFC, na ambaye alijijengea jina kwa kuwaambia Wamarekani kwamba ndondi ni mchezo uliozeeka. Ilikuwa kama kumwona mwenye mabasi aliyeshindana na reli miaka yote akikabidhiwa ufunguo wa garimoshi.

Ilikuwaje hasimu wa ndondi akawa mlezi wa pambano kubwa la ndondi? Na je, mpiganaji mwenyewe, yule anayerudi nyumbani na jicho lililovimba, anapata nini au anapoteza nini katika mabadiliko haya?

Kwa kawaida mjadala wa michezo hii miwili huishia katika swali la vijiweni: bondia na mpiganaji wa mapigano mseto wakikutana, nani atamwangusha mwenzake? Swali hilo lilikwisha kujibiwa mara mbili. Agosti 2010 jijini Boston, James Toney, aliyekuwa bingwa wa dunia wa ndondi, aliingia katika kizimba cha UFC kupambana na Randy Couture. Alibwagwa sakafuni na kukabwa hadi akasalimu amri katika raundi ya kwanza. Miaka saba baadaye, Agosti 2017, nyota wa UFC Conor McGregor aliingia ulingoni kuzichapa na Floyd Mayweather kwa kanuni za ndondi, na mwamuzi akalazimika kusimamisha pambano katika raundi ya 10. Kila jogoo alishinda uwanjani kwake.

Swali lenye uzito ni jingine: pesa zikishaingia, nani hugawa na kwa kipimo gani? Hapo ndipo tofauti kubwa ya michezo hii ilipo.

Michezo miwili, biashara mbili

Ndondi haina mwenyewe. Ina mapromota wengi wanaoshindana, na juu yao kuna mashirikisho manne yanayotoa mikanda ya dunia: WBA, WBC, IBF na WBO. Kila shirikisho lina bingwa wake, orodha yake ya viwango na ada yake, ambayo hukatwa katika malipo ya bondia kila anapopigania mkanda. Kuna madaraja 17 ya uzani yanayotambuliwa na wote. Ukizidisha kwa manne, utaona kwa nini shabiki wa kawaida hawezi tena kuwataja mabingwa wa dunia kwa majina kama babu yake alivyoweza.

Mapigano mseto, ambayo huchanganya ngumi, mateke, mieleka, judo na jujitsu, yana kampuni kadhaa, lakini moja imezimeza nyingine. UFC huajiri waandalizi, husaini wapiganaji, hupanga nani apigane na nani, na hutoa mikanda yake yenyewe. Promota na mwenye mkanda ni mtu mmoja. Hakuna shirikisho la kumlazimisha afanye lolote.

Mfumo wa kwanza huzaa vurugu. Mabondia wawili bora duniani wanaweza kukwepana kwa miaka kwa sababu mapromota wao hawapatani au vituo vyao vya televisheni vinahasimiana. Mazungumzo ya pambano la Mayweather na Manny Pacquiao wa Ufilipino yalianza mwishoni mwa 2009, yakavunjika kwa mzozo kuhusu vipimo vya dawa za kusisimua misuli, na pambano lenyewe likafanyika Mei 2015 wote wawili wakiwa wameshapita kilele cha ubora wao.

Mfumo wa pili huzaa utaratibu. Katika UFC, bingwa na mpinzani wake mkuu wana mwajiri mmoja, hivyo hupigana. Mtazamaji anajua mkanda uko wapi.

Lakini vurugu ile ya ndondi ina faida isiyoonekana kwa haraka. Mapromota wanaposhindana, bondia mwenye jina huwa na milango mingi ya kubisha. Mpiganaji wa UFC ana mlango mmoja tu, na mwenye ufunguo ni yule yule anayempangia bei.

Mtoto aliyekataliwa

UFC haikuzaliwa ikiwa kubwa. Onyesho lake la kwanza lilifanyika Novemba 12, 1993 mjini Denver, likiwa limebuniwa kwa kiasi fulani kutangaza jujitsu ya ukoo wa Gracie kutoka Brazil. Hapakuwa na madaraja ya uzani wala majaji, na kanuni zilihesabika kwa vidole. Royce Gracie, kijana mwembamba asiyetisha kwa umbo, aliwakaba wapinzani wake mmoja baada ya mwingine na kuibuka mshindi.

Umwagikaji wa damu uliwauza tiketi waandalizi, na ni umwagikaji huo huo uliowaponza. Mnamo 1996 Seneta John McCain, aliyewahi kuwa bondia katika chuo cha wanamaji na shabiki wa ndondi maisha yake yote, aliwaandikia magavana wa majimbo yote 50 akiwataka wapige marufuku mchezo huo aliouita vita vya majogoo wa kibinadamu. Majimbo mengi yaliitikia. Kampuni za televisheni ya kulipia nazo zikaufungia milango, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 wamiliki wa UFC walikuwa wakipumulia mirija.

Wakati huo huo McCain alikuwa akisukuma mswada mwingine. Alikerwa na jinsi mapromota walivyowanyonya mabondia, na juhudi zake pamoja na za wabunge wengine zilizaa sheria iliyopewa jina la Muhammad Ali, iliyoidhinishwa Mei 2000. Sheria hiyo inamtaka promota amfichulie bondia mapato ya pambano lake na makato yote. Inamkataza meneja wa bondia kuwa na maslahi katika kampuni ya promota. Inayadai mashirikisho yaeleze hadharani yanavyopanga viwango. Na inazuia mikataba inayomfunga bondia kwa promota kwa muda mrefu kama sharti la kupewa pambano.

Hapa ndipo historia ilipofanya kejeli yake. Sheria hiyo ilitaja ndondi pekee. Mapigano mseto, mchezo uliokuwa ukikaribia kaburi, hayakutajwa. Hakuna aliyeona haja ya kumwekea uzio mtoto ambaye kila mtu alidhani hatafika utu uzima.

Dola milioni mbili

Januari 2001, ndugu wawili wenye mabilioni ya kasino za Las Vegas, Frank na Lorenzo Fertitta, waliinunua UFC kwa dola milioni mbili wakishirikiana na rafiki yao White, aliyekuwa mkufunzi wa mazoezi ya ngumi na meneja wa wapiganaji. Lorenzo alikuwa amehudumu katika tume ya michezo ya jimbo la Nevada, na alielewa kwamba dawa ya marufuku si kuikwepa serikali bali kuikaribisha. New Jersey na Nevada zikaukubali mchezo chini ya kanuni mpya: madaraja ya uzani, raundi za dakika tano, majaji watatu, glavu na orodha ndefu ya makosa.

Hata hivyo, pesa hazikuja. Kufikia 2004 wamiliki walikuwa wamepoteza makumi ya mamilioni ya dola. Waliokolewa na televisheni. Januari 2005 kituo cha Spike kilianza kuonyesha kipindi ambamo wapiganaji chipukizi waliishi nyumba moja na kuwania kandarasi. Fainali ya Aprili mwaka huo kati ya Forrest Griffin na Stephan Bonnar ilikuwa ya kukata na shoka, na watazamaji waliopigiana simu usiku huo wakiambiana wawashe televisheni ndio waliokuja kuwa wateja.

Hapa ndondi ilifanya kosa kubwa. Kwa miongo miwili mapambano yake makubwa yalikuwa yamehamia katika vituo vya kulipia, hasa HBO, iliyoanza kuonyesha ndondi mnamo 1973 kwa pambano la Joe Frazier na George Foreman jijini Kingston, Jamaica. Pesa zilikuwa nono, lakini kijana wa miaka 18 asiye na pesa hizo hakuwaona mabingwa. Wakati ndondi ilikuwa ikivuna shamba la kale, UFC ilikuwa ikipanda mbegu katika televisheni ambayo kijana huyo aliweza kuiona.

Mei 2007 ilidhihirisha hali ilivyokuwa. Mnamo Mei 5, Oscar De La Hoya na Mayweather walikutana katika ukumbi wa MGM Grand jijini Las Vegas, na nyumba milioni 2.4 za Marekani zikalipia kutazama, rekodi kwa wakati huo. Majuma matatu baadaye, katika ukumbi uo huo, Quinton 'Rampage' Jackson alimlaza Chuck Liddell katika raundi ya kwanza na kutwaa mkanda wa UFC. Magazeti ya michezo yaliyokuwa yameupuuza mchezo huo yaliupa kurasa za mbele. Swali lililotawala lilikuwa moja: je, ndondi inakufa?

Ndondi haikufa. Kilichotokea ni kwamba michezo hiyo miwili iligawana soko kwa namna ya ajabu. UFC ilitwaa mwaka mzima na ndondi ikabaki na usiku mmoja.

Usiku mmoja, mamia ya mamilioni

UFC huuza jina lake kwanza, wapiganaji baadaye. Ina onyesho karibu kila Jumamosi, na shabiki hununua kwa sababu ya herufi zile tatu. Nyota akiumia au akistaafu, herufi zinabaki. Ndiyo sababu kampuni hiyo iliweza kuwanunua wapinzani wake mmoja baada ya mwingine: PRIDE ya Japani mnamo 2007 na Strikeforce ya California mnamo 2011. Ndiyo sababu pia iliuzwa mwaka 2016 kwa takriban dola bilioni nne. Kilichonunuliwa kwa milioni mbili kilikuwa kimezidi thamani mara 2,000 kwa miaka 15.

Ndondi haina herufi za kuuza. Ina watu. Mwaka mzima unaweza kupita shabiki wa kawaida asitazame pambano hata moja, kisha wawili wakubwa wakakubaliana na dunia ikasimama. Mayweather na Pacquiao walipokutana Mei 2015, nyumba milioni 4.6 za Marekani zililipia, na tiketi za mlangoni pekee ziliingiza zaidi ya dola milioni 70. Hakuna onyesho la UFC lililowahi kukaribia hapo. Kubwa kuliko yote katika enzi hiyo, la Khabib Nurmagomedov na McGregor la Oktoba 2018, lilinunuliwa takriban mara milioni 2.4.

Tofauti kubwa zaidi ni mahali pesa hizo zilipokwenda. Mnamo 2006 Mayweather alilipa dola 750,000 kujinunua kutoka kwa promota wake wa zamani, akaanza kujiandalia mapambano. De La Hoya alikuwa ameshafungua kampuni yake tangu 2002. Bondia aliyejua thamani ya jina lake aliweza kuwa mwajiri, naye promota akawa mtu wa kukodiwa. Hakuna bingwa yeyote wa UFC aliyewahi kufanya hivyo akiwa bado na mkanda wake.

Malipo ya McGregor yanasema yote. Kiwango cha juu cha malipo ya msingi alichotangaziwa na tume ya michezo katika UFC kilikuwa dola milioni tatu. Alipovuka kwenda ndondi mwaka 2017, pambano lake la kwanza kabisa la kulipwa katika mchezo huo, alihakikishiwa milioni 30 kabla ya mgao mwingine, naye Mayweather milioni 100. Mtu yule yule, ngumi zile zile, ila biashara tofauti.

Haki inadai tuseme upande wa pili pia. Neema hiyo ya ndondi huwafikia wachache mno. Bondia anayeanza, wa raundi nne, aghalabu hulipwa mamia ya dola tu, akagawana na kocha na kulipia vipimo vya daktari. Mpiganaji mchanga wa UFC hulipwa maelfu kwa kupanda kizimbani na kiasi kama hicho tena akishinda, na matibabu ya majeraha ya pambano hugharimiwa. Ndondi ni mti wenye matunda kileleni tu. Mapigano mseto yana matunda machache hata katika matawi ya chini, lakini kileleni kuna mtu aliyeweka kufuli.

Mahesabu yalipoanikwa

Kwa miaka mingi hakuna aliyejua kwa hakika UFC huwapa wapiganaji sehemu gani ya mapato, kwa kuwa sheria ya Ali haikuihusu. Mlango ulifunguliwa na mahakama. Desemba 2014, Cung Le na wapiganaji wengine waliishtaki kampuni hiyo wakidai ilitumia mikataba ya muda mrefu na ununuzi wa wapinzani ili kubaki mnunuzi pekee wa kazi yao, na hivyo kupunguza malipo. Wataalamu wa walalamishi walitoa ushahidi kwamba wapiganaji walikuwa wakipata takriban asilimia 20 ya mapato au chini ya hapo. Wachezaji wa mpira wa vikapu na wa kandanda ya Kimarekani, walio na vyama vya kuwatetea, hupata karibu nusu. Katika mapambano makubwa ya ndondi, sehemu ya mabondia huzidi hata nusu hiyo.

Mikataba iliyosomwa mahakamani ilieleza mengi. Mpiganaji akitwaa ubingwa, mkataba wake ulirefushwa kwa hiari ya kampuni. Kwa maneno mengine, siku anayopanda thamani ndiyo siku anayofungwa zaidi.

Kampuni ilikanusha makosa. Mwaka 2024 Jaji Richard Boulware alikataa maafikiano ya dola milioni 335, na pande mbili zikakubaliana upya kwa milioni 375, fedha zilizoidhinishwa mapema 2025 kugawiwa wapiganaji zaidi ya 1,000 waliopigana kati ya mwisho wa 2010 na katikati ya 2017. Ni kiasi kikubwa, lakini ni fidia ya jana. Haikugeuza mfumo.

Kijana wa machimbo ya mchanga

Aliyeonyesha tofauti hii kwa mwili wake ni Mwafrika. Francis Ngannou alizaliwa Batié, Kameruni, na akiwa mtoto alichimba mchanga ili kusaidia kwao. Alivuka jangwa hadi Moroko, akaingia Uhispania kwa njia ya bahari, na mnamo 2013 akafika Paris ambako alilala nje kabla ya kupata ukumbi wa mazoezi. Ndoto yake ilikuwa ndondi. Walimu wake walimshauri ajaribu mapigano mseto, kwamba huko njia ni fupi zaidi.

Machi 2021 alitwaa mkanda wa UFC wa uzani mzito. Januari 2022 aliutetea dhidi ya Ciryl Gane akiwa na jeraha la goti, na malipo yaliyotangazwa yalikuwa dola 600,000. Kisha akafanya ambalo karibu hakuna bingwa aliyelithubutu: alikataa kandarasi mpya. Alitaka ruhusa ya kupigana ndondi na alidai masharti bora kwa wapiganaji, ikiwemo bima ya afya. Januari 2023 UFC ilimwachilia na kumvua mkanda.

Oktoba mwaka huo, jijini Riyadh, katika pambano lake la kwanza la ndondi za kulipwa, alimwangusha Tyson Fury katika raundi ya tatu na kushindwa kwa alama za majaji waliogawanyika. Machi 2024 alikutana na Anthony Joshua na akazimwa katika raundi ya pili. Kimchezo alishindwa mara mbili. Kimapato, vyombo vya habari viliripoti kwamba pambano la kwanza pekee lilimpa kiasi cha dola milioni 10. Katika usiku mmoja wa kushindwa alipata kilichozidi maradufu mara kadhaa alicholipwa kwa usiku wa ushindi wake wa mwisho katika UFC.

Ngannou aliweza kuondoka kwa sababu palikuwa na pa kwenda. Hilo ndilo fungu la hadithi yake linalopasa kukumbukwa. Laiti ndondi isingekuwapo, au ingekuwa ya bwana yule yule, neno 'hapana' lake lisingekuwa na thamani yoyote.

Fedha za Riyadh

Na sasa milango inaelekea kuwa mmoja. Mambo matatu yamekutana.

La kwanza ni kudhoofika kwa vituo vilivyoilisha ndondi. HBO iliacha kuionyesha mwishoni mwa 2018. Showtime ikafuata mwishoni mwa 2023.

La pili ni fedha za Saudia. Kupitia tamasha la msimu wa Riyadh chini ya Turki Alalshikh, ufalme huo umekuwa ukilipa kiasi ambacho hakuna promota wa kawaida anayeweza kukifikia, na kuwalazimisha mahasimu wakae meza moja. Serikali kununua pambano si jambo geni kwetu Afrika. Oktoba 30, 1974, Ali na Foreman walilipwa dola milioni tano kila mmoja kuzichapa jijini Kinshasa kwa fedha za serikali ya Zaire ya Mobutu Sese Seko, aliyetaka dunia iijue nchi yake. Tofauti ni kwamba Mobutu alinunua usiku mmoja, ilhali Riyadh inashiriki kununua mchezo.

La tatu ni UFC yenyewe. Tangu Septemba 2023 imeunganishwa na kampuni ya mieleka ya maonyesho ya WWE chini ya TKO Group. Machi 2025 TKO ilitangaza ushirika na kampuni ya Sela ya Saudia kuunda kampuni mpya ya ndondi itakayoongozwa na White. Agosti mwaka huo UFC ilitia saini mkataba wa dola bilioni 7.7 na Paramount kwa miaka saba kuanzia 2026, na kuachana na mtindo wa kumtoza shabiki wa Marekani kwa kila onyesho kubwa. Wenye mfuko huo sasa wanabisha mlango wa ndondi.

White hajaficha anachokusudia. Anataka kuyaweka kando mashirikisho manne na kuwa na ligi moja, viwango vya ndani na mkanda mmoja katika kila uzani. Kikwazo ni sheria ya mwaka 2000. Ndipo Julai 2025 mswada ukawasilishwa katika bunge la Marekani, nao pia ukiwa na jina la Ali, wa kuruhusu mashirika ya aina mpya yatakayokuwa promota, mpanga viwango na mtoa mkanda kwa wakati mmoja. Mswada huo unaahidi kiwango cha chini cha malipo kwa kila raundi na bima ya matibabu, na unamwacha bondia huru kubaki katika mfumo wa zamani akitaka.

Wanaounga mkono wana hoja. Mashirikisho manne hayana mtetezi mzuri. Desemba 2025 WBC ilimvua Crawford mkanda aliouchukua kwa Canelo ikisema hakulipa ada zake, na siku chache baadaye bondia huyo akastaafu bila kupoteza pambano hata moja. Shabiki aliyeona hayo ana haki ya kuuliza mkanda ni wa mshindi au ni wa mlipa ada. Vilevile kijana wa raundi nne atafaidika akihakikishiwa malipo na daktari.

Wanaopinga nao wana swali ambalo halijajibiwa. Sheria ya zamani ilitenganisha mkono unaopanga viwango na mkono unaolipa kwa sababu iliyo wazi: anayeamua wewe ni wa ngapi duniani ndiye anayeamua bei yako. Mikono hiyo ikiwa ya mtu mmoja, bondia atajadiliana na nani?

Linatuhusu vipi?

Msomaji wa Nairobi, Mombasa au Kisumu anaweza kudhani haya ni mambo ya Las Vegas. Yametugusa zamani. Robert Wangila, aliyeipa Kenya dhahabu ya ndondi katika Olimpiki ya Seoul ya 1988, alikwenda kutafuta riziki ya ngumi za kulipwa Marekani, na Julai 1994 alifariki jijini Las Vegas kutokana na majeraha ya pambano. Alikuwa na umri wa miaka 26. Sheria ya Ali ilikuwa bado haijatungwa. Kila kijana wa Hit Squad anayewaza kufuata njia hiyo, na kila kijana wa vilabu vya mapigano mseto vinavyochipuka mijini mwetu, ataingia katika soko ambalo kanuni zake zinaandikwa sasa hivi na watu asiowajua.

Si lazima awe mwanasheria ili ajikinge. Yako maswali matatu ambayo historia ya michezo hii miwili imeyafundisha, nayo yanafaa kuulizwa kabla ya kalamu kugusa karatasi. Je, nitaonyeshwa mapato ya pambano langu? Je, anayenipanga viwango ndiye anayenilipa? Na nikishinda, nitakuwa huru zaidi au nitafungwa zaidi? Promota anayeyajibu bila kukwepa, awe wa ndondi au wa kizimbani, anastahili kusikilizwa. Anayekasirika kwa kuulizwa amekwisha kujibu.

Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Katika biashara hii mambo yamekuwa kinyume. Kwa miaka 20 fahali hawa wawili walipokuwa wakitifuana, nyasi zilipata mvua: Mayweather alijinunua, McGregor alivuna mara 10, naye Ngannou aliweza kusema hapana na bado akala. Hatari kwa mpiganaji haiko katika ugomvi wa ndondi na mapigano mseto. Iko katika siku ambayo fahali hao watalala zizi moja, wakiwa na mchungaji mmoja.